Fanya Mazoezi, Lakini Wapi? Matembezi ya Gharama Nafuu Sumbawanga na Uwanda wa Ufipa

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari kuna sentensi moja ambayo mgonjwa huambiwa mwisho kabisa, akiwa amekwisha kusimama, kadi mkononi, uso ukielekea mlangoni: "Na ujitahidi kufanya mazoezi." Sentensi hiyo ni ya kweli, na anayeisema huisema kwa nia njema. Hata hivyo, mara nyingi huishia palepale ilipotamkwa.

Tumfikirie mama mwenye umri wa miaka 58, anayeuza maharage na ulezi sokoni Sumbawanga. Presha yake imekuwa juu kwa miaka kadhaa. Leo amepimwa, amepewa dawa, na muuguzi, binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, anamalizia kwa wosia uleule.

"Mama, pamoja na dawa, jitahidi kufanya mazoezi."

"Mazoezi gani tena, mwanangu? Nimelima tangu utoto wangu. Sasa nikimbie barabarani kama askari, watu watasemaje?"

Muuguzi anatabasamu. Nje kuna foleni ndefu. Mama naye anatabasamu, anafunga kitenge chake, anaondoka. Atakaporudi baada ya mwezi, swali litakuwa lilelile na jibu litakuwa lilelile.

Hakuna mwenye kosa katika mazungumzo hayo, lakini kuna kitu kilichokosekana. Hakuna daktari anayemwandikia mgonjwa "meza dawa" kisha akanyamaza. Huandika jina la dawa, kiasi, saa na idadi ya siku. Ushauri wa mazoezi usiotaja mahali, siku, muda na mwenzi wa kutembea naye ni dawa iliyotolewa bila dozi. Makala haya yanakusudia kuijaza nafasi hiyo kwa wakazi wa Sumbawanga na uwanda wote wa Ufipa: wapi pa kwenda, kwa gharama ndogo au bila gharama, na kwa tahadhari zipi.

Kwa nini mwili unadai kutembea

Mwaka 1953, katika jarida la tiba la Lancet, mtafiti Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walishinda wameketi. Makondakta walishinda wakipanda na kushuka ngazi za basi. Ilionekana kwamba ugonjwa wa moyo uliwapata makondakta kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Makondakta hao hawakuwa wanamichezo, wala hawakuvaa nguo za michezo. Walikuwa wakifanya kazi iliyowatembeza.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka mwaka hadi mwaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate walau dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mtoto aliye shuleni apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwongozo huo unawagusa pia wajawazito na wanaoishi na magonjwa ya kudumu. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako, lakini ungeshindwa kuimba.

Yapo mambo mawili ambayo mgonjwa anastahili kuelezwa wazi. La kwanza, mtu anapotembea, misuli huchukua sukari kutoka kwenye damu, na mwili huitikia insulini vizuri zaidi kwa muda wa siku moja hadi mbili. La pili, mishipa ya damu hulegea baada ya matembezi, na presha inaweza kubaki chini kidogo kwa saa kadhaa. Manufaa hayo hayawekwi akiba kama fedha benki. Ndiyo maana safari moja kubwa kwa mwaka, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kushika nafasi ya nusu saa ya kila siku. Safari kubwa ina kazi yake: humpa mtu sababu ya kujiandaa, na kumbukumbu ya kumrudisha njiani tena.

Je, mama aliyelima maisha yake yote hana mazoezi tayari? Swali lake ni la haki. Kilimo ni mazoezi makubwa. Anayeinua matuta ya Ufipa kwa jembe hahitaji kufundishwa kutoka jasho. Lakini kilimo kina msimu, na umri humtoa mtu shambani kidogo kidogo. Mama wa mfano wetu amehamia mjini. Huketi kwenye gunia tangu asubuhi hadi jioni, na hurudi nyumbani kwa bodaboda. Mwili wake uliozoea jembe sasa unaishi maisha ya dereva wa London.

Uwanda na masharti yake

Ufipa ni uwanda wa juu ulioinuka kati ya maziwa mawili. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki kuna bonde la Ziwa Rukwa, na maziwa yote mawili yako kwenye mwinuko wa karibu mita 800 tu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Kwa hiyo mkazi wa Sumbawanga anayekwenda ziwani, upande wowote, hushuka kiasi cha mita 1,000, na hubadilisha hali ya hewa ndani ya siku moja.

Tofauti hiyo ina maana kiafya. Kwanza, hewa ya juu ni nyepesi. Katika mwinuko wa Sumbawanga, kila pumzi ina kama asilimia 80 ya oksijeni ambayo mtu angeivuta akiwa pwani. Mwenyeji amekwisha kuizoea hali hiyo, lakini mgeni kutoka Dar es Salaam atahema mapema, na asijilazimishe siku ya kwanza. Pili, jua la uwandani hudanganya. Upepo ni baridi, ngozi haisikii moto, kumbe mionzi ya jua huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kofia pana na mikono mirefu ni kinga kwa kila mtu, na kwa ndugu zetu wenye ualbino ni lazima. Wao wapange matembezi yao asubuhi na mapema au jioni.

Tatu, baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku na alfajiri za Sumbawanga ni kali. Mwenye pumu na mwenye seli mundu wasitoke alfajiri katika miezi hiyo. Wasubiri jua lipande, na wavae sweta hata kama wenzao wanajitia uhodari. Nne, mvua. Msimu wa mvua huanza Novemba hadi Aprili, na mara nyingi mvua kubwa hushuka alasiri pamoja na radi. Uwanda ni wazi, miti ni michache, na mtu aliyesimama mbugani huwa ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Katika msimu huo matembezi ya mbali yaanze asubuhi na yaishe kabla ya saa nane mchana. Radi ikianza, mtu asijikinge chini ya mti ulio peke yake. Aingie kwenye nyumba imara au ndani ya gari.

Matembezi yasiyo na nauli

Tuanze na mji wenyewe. Jina Sumbawanga kwa Kifipa hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na wenyeji wamechoka kutaniwa na wageni kwa sababu ya jina hilo. Mgeni akiuzunguka mji kwa miguu, atakachokiona ni mji wa wakulima na wafanyabiashara, barabara pana, upepo safi, na vilima upande wa mashariki vinavyoonekana karibu kila mtaa.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuigeuza safari ya kila siku kuwa dozi. Mama yetu wa sokoni hahitaji viatu vya michezo. Anahitaji kushuka kwenye bodaboda dakika 15 kabla ya nyumbani jioni, na kupanda dakika 15 mbele ya nyumba asubuhi. Kwa siku tano dozi ya wiki imetimia, na nauli imepungua badala ya kuongezeka. Hakuna jirani atakayeshangaa, kwa kuwa mama anarudi nyumbani kama watu wengine.

Kwa wanaopenda umati, kuna viwanja. Uwanja wa Nelson Mandela ulijulikana nchi nzima Agosti 2020, ulipopokea fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Namungo. Lakini afya ya mji hutegemea zaidi viwanja vidogo vya mitaa na shule, mahali ambapo vijana hucheza kandanda jioni na wazee huketi pembeni wakihukumu. Tunawasihi wazee hao wauzunguke uwanja badala ya kuketi. Mizunguko minne au mitano ya taratibu, huku mtu akitazama mechi na kubishana kuhusu penalti, ni mazoezi kamili, na hayana kiingilio.

Aliyepata kiharusi naye asiachwe ndani. Kwa yeye, matembezi ni hatua 20 uani, kisha 30, akiwa na fimbo na mwenzi upande ule uliodhoofika. Wapo wanaomficha mgonjwa wa kiharusi wakidhani amerogwa au amepigwa na jini. Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo, na mara nyingi chanzo chake ni presha ambayo haikutibiwa. Kumtoa mgonjwa barazani, akasalimiwa na wapita njia, ni sehemu ya kumrudishia uwezo wake na heshima yake.

Mbizi: msitu ulio jirani

Mashariki mwa mji, pale uwanda unapoinuka kabla ya kuporomoka kuelekea bonde la Rukwa, kuna milima ya Mbizi, ambayo vilele vyake hupita mita 2,000. Msitu wake ni wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ni msitu wa mlimani wenye ukungu, chanzo cha vijito vinavyoteremka pande zote mbili, na makazi ya mbega wekundu wa aina adimu ambayo Tanzania huipata katika sehemu chache za magharibi. Mkazi wa mjini anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Hapa gharama ni ndogo: nauli ya kufika ukingoni mwa msitu, kiingilio ambacho kwa Mtanzania ni kidogo kuliko kwa mgeni wa nje, maji ya kunywa na chakula cha kubeba. Viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi, karanga na ndizi hutosha kabisa. Wakienda watu 10 wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, wakachangia usafiri, mzigo wa kila mmoja hupungua. Watoe taarifa ofisi ya hifadhi mapema na watembee na mwongozaji. Wasiwalishe wanyama wala kuwasogelea, kwa kuwa magonjwa huvuka kutoka kwa mtu kwenda kwa mnyama na kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu.

Safari ya Mbizi ina kupanda, kwa hiyo si dozi ya kwanza. Anayeanza mazoezi leo ajipe wiki sita hadi nane za kutembea mjini kwanza. Akiweza kutembea dakika 40 bila kusimama, huku akizungumza, Mbizi itampokea vizuri. Asipoweza bado, hakuna aibu. Msitu hautahama.

Malungu: safari ya masimulizi

Si kila matembezi ni ya misuli. Katika vijiji kadhaa vya Ufipa yamebaki mabaki ya malungu, tanuri ndefu za udongo ambazo Wafipa walizitumia kuyeyusha chuma. Tanuri hizo zilizidi kimo cha mtu, na mafundi waliziwasha bila mivuo. Hewa ilivutwa yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa kuzunguka kitako cha tanuri. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo lenye mivuo kabla ya kufuliwa majembe, shoka na mikuki. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea.

Kwa familia, safari ya kwenda kuliona lungu ni safari ya nauli ya kijijini tu. Kwa mzee ni zaidi ya hapo. Upweke na huzuni ya muda mrefu ni miongoni mwa matatizo ambayo wazee wetu huyaleta kliniki wakiyaita maumivu ya mgongo, kukosa usingizi au mwili kuchoka. Mzee anapoombwa awaongoze wajukuu, aoneshe njia, ataje majina ya vilima na aeleze baba yake alivyosimulia, hugeuka kutoka mtu wa kuhudumiwa na kuwa mwalimu. Hatudai kwamba safari hiyo inatibu sonona. Mwenye sonona anahitaji kuonwa na mtaalamu. Lakini mtu anayehitajiwa na wenzake ana sababu ya kuamka kesho. Tuombe ruhusa kwa wenyeji na viongozi wa kijiji, tusipande juu ya mabaki, wala tusichukue kipande cha kumbukumbu.

Kalambo: safari ya mwaka

Kusini-magharibi, mpakani mwa Tanzania na Zambia, Mto Kalambo hufika ukingoni mwa uwanda na kuanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200, kisha hupita kwenye korongo lenye kina kuelekea Ziwa Tanganyika. Ni miongoni mwa maporomoko marefu kuliko yote barani Afrika. Njia ya kutoka Sumbawanga hupita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Maji huwa mengi kuelekea mwisho wa mvua na miezi michache baadaye, na barabara hupitika kwa urahisi zaidi kiangazi kinapoanza. Mei na Juni ni miezi mizuri kwa mambo yote mawili.

Mahali hapo pana historia ndefu ya binadamu. Kuanzia miaka ya 1950, mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba juu ya maporomoko, upande wa Zambia. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi mpya: magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa makusudi, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Hiyo ni kazi ya mikono iliyotangulia binadamu wa aina yetu. Anayesimama pale na mwanawe ana jambo la kumsimulia.

Hii ni safari ya siku nzima, na ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote tulizozitaja. Inafaa ipangwe kwa mwaka mzima na kikundi, iwe kwaya, chama cha wafanyakazi wa zahanati au kikundi cha wagonjwa wa kisukari. Kila mwanachama akiweka kidogo kila mwezi, gari la kukodi hugawanywa kwa watu wengi. Na kila anayeweka fedha aweke pia miguu yake: safari ya Mei ianze kutembewa mjini tangu Januari.

Tahadhari moja ni kubwa. Upande wa Tanzania kuna ngazi za kuteremkia kuyaona maporomoko kwa karibu. Kuteremka ni hiari, lakini kupanda ni lazima. Anayeshuka kwa furaha atadaiwa na moyo wake na magoti yake wakati wa kurudi. Mwenye moyo uliodhoofika, mwenye maumivu ya kifua, mjamzito wa miezi ya mwisho na aliyewahi kupata kiharusi wafurahie mandhari kutoka juu, penye usalama, na kikundi kisiwacheke. Watoto washikwe mkono wakati wote. Kingo za korongo hazisamehi.

Ziwani na bondeni: uzuri wenye masharti

Kasanga, Kirando na Kipili kwenye Ziwa Tanganyika ni mahali ambapo mkazi wa uwandani hupata joto, upepo wa ziwa na mgebuka wa kuchoma. Ziwa hilo lina kina cha karibu mita 1,470, na duniani linapitwa kwa kina na ziwa Baikal peke yake. Upande wa pili, chini ya kuta za Lyamba lya Mfipa, Ziwa Rukwa ni la kina kifupi, halina mto wa kutokea, na lina mamba na viboko wengi. Rukwa tulitazame, tule samaki wake, tusioge humo.

Anayeshuka kutoka Sumbawanga azingatie mambo manne. La kwanza ni malaria. Mbu ni wengi zaidi chini kuliko juu, na mtoto aliyekulia uwandani anaweza kuwa na kinga ndogo ya mwili dhidi ya malaria kuliko mtoto wa ziwani. Tulale ndani ya chandarua chenye dawa, hata kwa usiku mmoja. Malaria haijitokezi kesho yake. Homa inayoanza siku saba au zaidi baada ya kurudi ni homa ya kupimwa, na mgonjwa amwambie mhudumu kwamba alisafiri. Mtoa huduma naye aulize: "Ulikwenda wapi mwezi huu?" Swali hilo ni fupi, na linaweza kuokoa maisha.

La pili ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata bila jeraha. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji yaliyotulia, yenye magugu, karibu na makazi ya watu. Kujifuta kwa taulo hakutoshi kuwa kinga. Aliyeingia majini, kisha akaona damu kwenye mkojo au kinyesi, au tumbo likamsumbua wiki kadhaa baadaye, afike kituo cha afya. Dawa ya prazikwanteli ipo, na kwa kawaida humezwa kwa siku moja.

La tatu ni usalama wa majini. Mamba wapo Tanganyika pia, kwa hiyo tuwaulize wenyeji kabla ya kusogelea ufuko. Katika mtumbwi au boti, kila mtu avae jaketi la kujiokolea, hata fundi wa kuogelea. Pombe na ziwa havikai pamoja. La nne ni maji ya kunywa: yachemshwe au yatiwe dawa, na mikono inawiwe kabla ya kula huyo mgebuka.

Kabla ya kutoka nyumbani

Mwenye presha asiache dawa siku ya matembezi. Kipimo kikiwa 180/110 au zaidi, aahirishe na aende kliniki kwanza. Anayetumia dawa za kukojosha anywe maji na asisimame ghafla. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi ale kabla ya kutoka na abebe sukari au glukosi mfukoni. Akitetemeka, akitokwa jasho la baridi au akichanganyikiwa, aile mara moja na apumzike. Avae viatu vilivyofunika vidole, na jioni akague nyayo zake kwa macho na kwa mkono. Mwenye seli mundu anywe maji mara kwa mara na asipitwe na baridi. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Kwa kila mtu, maumivu ya kifua, kuhema kusikopungua baada ya kupumzika, au kizunguzungu ni amri ya kusimama na kutafuta msaada.

Kwa mtoa huduma: andika jina la mahali

Tunarudi kwa muuguzi na foleni yake. Hatumwombi dakika 20 ambazo hana. Tunamwomba mstari mmoja kwenye kadi, wenye mambo manne: mahali, siku, muda na mwenzi. Kwa mfano: "Sokoni hadi nyumbani kwa miguu, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika 15 asubuhi na 15 jioni, pamoja na jirani." Mahudhurio yanayofuata, kabla ya kuuliza dawa zilizobaki, aulize mstari huo ulifikia wapi. Kama haukutekelezwa, asikaripie. Abadilishe mahali au saa, kama ambavyo angebadilisha dawa iliyomkataa mgonjwa.

Kisha ajiandikie na yeye. Mtumishi wa afya anayetoka zamu ya usiku, aliyepoteza mtoto wodini na kurudi nyumbani kulala kimya, naye ni mtu wa kutunzwa. Zahanati au wodi inayopanga matembezi ya Mbizi mara moja kwa robo mwaka haipotezi siku. Inawarudisha kazini watu waliocheka pamoja.

Basi mazungumzo yale ya kliniki yanaweza kumalizika kwa namna nyingine.

"Mama, nyumbani ni mbali na soko?"

"Si mbali sana. Kwa miguu kama nusu saa, lakini nimezoea bodaboda."

"Jirani yako wa sokoni anakaa wapi?"

"Mtaa wetu uleule. Naye ana presha."

"Basi kuanzia Jumatatu mshuke pamoja kanisani, mmalizie kwa miguu. Nimeandika hapa. Mwezi ujao nitakuuliza, na nitamuuliza na yeye."

Mama anaitazama kadi. Mara hii, chini ya majina ya dawa, kuna jina la mahali anapopafahamu.